Ruta ya Wi-Fi kwa Laptopu Yako Mpya: Mambo ya Kuangalia Kabla ya Kuweka PIN

Umejinyima, umeweka akiba, na hatimaye laptopu iko mezani. Pengine ni ya mtoto aliyeingia chuo, pengine ni ya kazi za mtandaoni, au ni ya kuweka hesabu za duka. Siku za kwanza umekuwa ukiiunganisha na hotspoti ya simu, na bando la wiki nzima limeisha kabla ya Jumatano. Sasa umeamua kwamba nyumba inahitaji Wi-Fi yake. Ukiingia mtandaoni kutafuta ruta unakutana na za bei ya chini, za bei ya kati na za bei inayokaribia ile ya laptopu yenyewe. Zote zina antena na zote zina maneno makubwa kwenye boksi. Sasa uchukue gani?

Tunaliandikia hili kwa sababu pesa ikishatoka kwa simu, kuirudisha huwa ni kazi. Ni afadhali maswali yaulizwe kabla.

Jibu letu fupi ni hili: ruta si intaneti. Ruta ni kifaa cha kugawa intaneti ambayo tayari imeingia nyumbani. Ukinunua ruta kabla ya kujua intaneti yako itaingilia wapi, unaweza kujipata na boksi zuri, taa zinawaka, Wi-Fi inaonekana kwenye laptopu, lakini hakuna ukurasa hata mmoja unaofunguka. Kwa hivyo tufuate mpangilio huu: kwanza njia ya intaneti, pili hesabu ya mwaka mzima, tatu ruta yenyewe, na PIN iwe ya mwisho kabisa.

1. Intaneti itaingia kwako kwa njia gani?

Hapa Kenya, nyumba nyingi hupata intaneti kwa moja ya njia tatu.

*Faiba.* Huu ni waya mwembamba wa glasi unaoletwa na kampuni ya intaneti hadi ndani ya nyumba. Mwisho wa waya huo kampuni huweka kisanduku kinachoitwa ONT, ambacho hubadilisha mwanga unaopita kwenye glasi kuwa intaneti. Mara nyingi kisanduku hicho huwa na Wi-Fi ndani yake, au huletwa pamoja na ruta. Kumbuka hili: ruta ya kawaida ya dukani haina tundu la waya wa faiba. Kwa hivyo kama unaelekea kwa faiba, usinunue ruta kwanza. Uliza kampuni inakuletea nini, kama kifaa ni chako au utakirudisha ukihama, na kama kuna ada ya kuunganishwa. Uliza pia majirani au msimamizi wa plot ni kampuni gani imefika hapo, kwa sababu kuna majengo ambayo yameunganishwa na moja tu.

*Laini ya simu.* Hapa unanunua ruta yenye nafasi ya kuweka laini, ya 4G au 5G. Haihitaji fundi wala waya wa nje: unaweka laini, unawasha, unanunua bando. Ni nzuri kwa mtu anayehamahama au anayeishi mahali ambapo faiba haijafika. Lakini kasi yake inategemea nguvu ya mtandao pale ulipo. Kabla ya kununua, fanya jaribio la bure: chukua laini ya mtandao unaofikiria, iweke kwa simu, simama mahali utakapoweka ruta, kisha upime kasi. Usipime saa nne asubuhi watu wakiwa kazini. Pima saa mbili usiku, wakati mtaa mzima uko nyumbani na kila mtu anatazama video. Hiyo ndiyo kasi utakayoishi nayo.

Wakati wa kununua ruta ya laini, uliza swali moja la lazima: imefungwa kwa mtandao mmoja, au inakubali laini yoyote? Ruta iliyofungwa huwa ya bei nafuu, lakini siku utakapotaka kubadilisha mtandao utalazimika kununua nyingine.

*Setilaiti.* Starlink ilianza kuuza huduma Kenya mnamo Julai 2023, na seti yake huja na ruta. Inafaa sana mashambani na sehemu ambazo mtandao wa simu ni dhaifu. Lakini sahani yake inataka kuona anga bila miti wala majengo. Ukiwa umepanga kwenye ghorofa, zungumza kwanza na mwenye nyumba kabla ya kulipa chochote.

Kosa linalogharimu watu hapa ni moja: mtu hana faiba, anaona ruta ya bei nzuri, analipa, na ikifika anakuta haina nafasi ya laini. Muuzaji hakumdanganya, aliuza alichoonyesha. Kwa hivyo omba picha ya nyuma ya ruta. Ukiona tundu lililoandikwa WAN na hakuna nafasi ya laini, hiyo ni ruta ya kupokea intaneti iliyoletwa na kifaa kingine. Ukiona mahali palipoandikwa SIM, hiyo inaweza kujitegemea.

2. Piga hesabu ya mwaka, si ya siku moja

Bei ya ruta unailipa mara moja. Bei ya intaneti unailipa kila mwezi, na hapo ndipo pesa nyingi huenda. Tuchukue mfano. Bei hizi ni za kuonyesha hesabu tu, zako zitatofautiana.

Njia ya kwanza: ruta ya laini ya KSh 9,000, na kifurushi cha KSh 2,000 kwa mwezi. Mwaka wa kwanza ni 9,000 ukijumlisha 24,000, yaani KSh 33,000.

Njia ya pili: ruta ya "bure" kutoka kwa kampuni, na kifurushi cha KSh 2,900 kwa mwezi. Mwaka wa kwanza ni KSh 34,800.

Mwaka wa kwanza zinakaribiana. Mwaka wa pili, njia ya kwanza inashuka hadi KSh 24,000 na ya pili inabaki KSh 34,800. Je, hiyo inamaanisha ya kwanza ni bora? Si lazima. Kama kifurushi cha KSh 2,000 kina kikomo cha GB na nyumba yako huzimaliza wiki ya pili, utaongeza bando mara mbili kila mwezi na hesabu yote itageuka. Ndiyo maana unahitaji kujua nyumba yako inakula kiasi gani.

Laptopu hula data kuliko simu, hata ukiwa hufanyi kitu. Masasisho ya Windows pekee yanaweza kuchukua GB kadhaa kwa mara moja. Video ya ubora wa kawaida hula karibu GB 1 kwa saa, na ya ubora wa juu inaweza kufika GB 3 kwa saa. Kijana akitazama video saa mbili kila jioni kwa ubora wa kawaida, hiyo ni takriban GB 60 kwa mwezi, kabla hujafungua Zoom ya kazi.

Hata vifurushi "visivyo na kikomo" huwa na masharti. Kampuni nyingi huweka kiwango cha matumizi ambacho ukikipita, kasi inashushwa hadi mwisho wa mwezi. Uliza kiwango hicho ni GB ngapi na kasi inashuka hadi ngapi. Jibu likiwa "usijali," endelea kuuliza.

Na kama utanunua ruta kwa kulipa pole pole, usiangalie malipo ya siku tu. Zidisha malipo ya siku kwa idadi ya siku, ongeza malipo ya kwanza, halafu linganisha na bei ya dukani. Tofauti hiyo ndiyo bei ya kuikopa ruta. Huenda unakubaliana nayo, lakini ijue.

3. Laptopu yako inaweza nini?

Wi-Fi ina vizazi, kama vile simu zilivyotoka 3G hadi 4G na 5G. Kwenye maboksi utaona Wi-Fi 4, Wi-Fi 5, Wi-Fi 6 na sasa Wi-Fi 7. Majina yao ya kiufundi ni 802.11n, 802.11ac, 802.11ax na 802.11be. Ruta na laptopu huzungumza kwa kizazi ambacho zote mbili zinakijua. Ukiweka ruta ya Wi-Fi 6 na laptopu ya Wi-Fi 4, zitaelewana, ila kwa mwendo wa Wi-Fi 4.

Hili ni muhimu kwa sababu laptopu nyingi "mpya" tunazonunua ni zile za ex-UK. Ni mashine nzuri, lakini ni za miaka kadhaa iliyopita. Ili kujua yako iko wapi kwenye Windows, fungua Command Prompt, andika *netsh wlan show drivers*, kisha ubonyeze Enter. Tafuta mstari unaosema "Radio types supported". Ukiona 802.11ax, una Wi-Fi 6. Ukiishia 802.11ac, una Wi-Fi 5. Ukiona n, g na b peke yake, basi laptopu hiyo huenda inatumia mawimbi ya GHz 2.4 tu.

Ruta nyingi za sasa hutoa mawimbi ya aina mbili. GHz 2.4 hufika mbali zaidi na hupenya kuta vizuri, lakini ni ya polepole na hujaa haraka, kwa sababu majirani wote wako hapo, na hata tanuri la maikrowevu huisumbua. GHz 5 ni ya kasi zaidi na ina nafasi kubwa, lakini hupungua nguvu ikikutana na ukuta. Kwenye plot yenye bedsita ishirini, kila moja na Wi-Fi yake, GHz 5 ndiyo itakuokoa. Kwa hivyo ushauri wetu: nunua ruta yenye mawimbi yote mawili hata kama laptopu ya leo ni ya zamani, kwa sababu simu zenu zitafaidika.

Na zile namba kubwa kwenye boksi, kama AC1200 au AX1500? Hizo ni kasi za mawimbi yote mawili zikijumlishwa, zikipimwa katika hali nzuri kabisa. AC1200, kwa mfano, ni takriban 300 za GHz 2.4 ukiongeza 867 za GHz 5. Laptopu yako huunganishwa na wimbi moja kwa wakati, kwa hivyo haitawahi kuona 1200. Tena, kama kifurushi chako ni cha Mbps 20, intaneti yako itakuwa Mbps 20 hata kwenye ruta ya bei ya juu zaidi sokoni. Ruta haiongezi intaneti. Inaweza tu kuigawa vizuri au vibaya.

Kwa nyumba ya kawaida yenye kifurushi kisichozidi Mbps 100, ruta ya Wi-Fi 5 yenye mawimbi mawili inatosha. Wi-Fi 6 ina maana pale vifaa ni vingi: laptopu, simu tano, televisheni na kamera, vyote kwa pamoja. Wi-Fi 7 kwa sasa si jambo la kukopea pesa. Ila ukichukua kifurushi cha zaidi ya Mbps 100, hakikisha matundu ya waya ya ruta ni ya gigabiti. Yale yaliyoandikwa 10/100 huishia Mbps 100.

Neno moja kuhusu Mbps. Kampuni huuza kasi kwa megabiti, lakini laptopu huonyesha ukubwa wa faili kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Ndiyo maana kwa kifurushi cha Mbps 10, faili la GB 1 huchukua zaidi ya dakika 13 kushuka, hata mambo yakienda sawa. Hujaibiwa. Ni vipimo viwili tofauti.

4. Nyumba yako ni ya namna gani?

Bedsita au nyumba ya chumba kimoja haihitaji ruta kubwa. Ruta moja ya kawaida itafika kila kona. Nyumba ya vyumba vitatu yenye kuta za mawe ni hadithi nyingine, kwa sababu mawe na zege hunyonya mawimbi. Mabati na vyuma huyarudisha. Kioo kikubwa, friji na tangi la maji pia huyazuia. Antena nyingi si dawa ya hayo. Mahali ulipoiweka ruta ndipo penye dawa.

Iweke juu kidogo, katikati ya nyumba, mahali pa wazi. Usiifiche nyuma ya televisheni wala ndani ya kabati. Kama ni ruta ya laini, kuna mvutano: yenyewe inataka dirisha lililo karibu na mnara wa simu, na wewe unataka Wi-Fi ifike chumbani. Hapo anza na dirisha, kwa sababu ikikosa mtandao wa nje haina cha kugawa ndani. Baadaye, kama chumba cha nyuma hakipati, nunua kifaa cha kuongeza Wi-Fi au vuta waya.

Waya, ndiyo. Kama laptopu inakaa mezani siku nzima kwa kazi, waya wa LAN kutoka kwa ruta ndiyo njia thabiti zaidi ya kuiunganisha, na ni wa bei ya chini. Laptopu nyembamba za sasa nyingi hazina tundu lake, lakini kuna adapta za USB. Kwa anayefanya mahojiano ya kazi au mitihani mtandaoni, hiyo adapta inaweza kuwa na thamani kuliko kupandisha ruta daraja.

5. Stima ikipotea?

Laptopu ina betri, ruta haina. Stima ikikatika katikati ya mkutano, laptopu inaendelea kuwaka na intaneti inakufa. Siku hizi kuna UPS ndogo za ruta, kama betri ya akiba, ambazo huiwasha kwa saa kadhaa. Kabla ya kununua, soma kibandiko cha adapta ya ruta yako: ruta nyingi hutumia volti 12, nyingine volti 9 au 5. UPS lazima itoe volti zilezile na ampea zisizopungua zile za adapta. Kama una ONT na ruta, vyote viwili vinahitaji kuwashwa.

Kuhusu tokeni, usiwe na hofu. Ruta inayotumia wati 10 mchana na usiku hula takriban uniti 7 kwa mwezi.

6. Sasa twende kwa malipo

Umeshachagua. Hapa ndipo tahadhari inahitajika zaidi, kwa sababu vifaa vya mtandaoni ni chambo rahisi: picha nzuri, bei ya chini, na "imebaki moja tu."

*Linganisha jina kabla ya PIN.* Ukilipa kwa Till au Paybill, jina la anayelipwa hutokea kabla hujathibitisha. Lisome. Kama duka linaitwa hivi na jina linalotokea ni la mtu usiyemjua, simama na uulize. Kuna wafanyabiashara wadogo halali wenye Till kwa jina lao wenyewe, lakini huyo ataweza kukueleza mapema, si baada ya wewe kushangaa.

*Jihadhari na "Till yetu ina shida leo."* Muuzaji akikwambia utume kwa namba ya mtu binafsi, tena haraka, acha. Duka la kweli litakungoja hadi kesho.

*Lipa ukishaiona.* Pale inapowezekana, lipa baada ya kuletewa na kuiwasha. Usitume pesa "ya kuishikia" kwa mtu usiyemjua. Kama ni ya mtumba, omba iwashwe mbele yako, na kama ni ya laini, weka laini yako ufungue ukurasa mmoja.

*Fundi si kampuni.* Fundi wa faiba akikwambia umlipe yeye kwa simu yake ili "akuharakishie", mkatalie kwa heshima. Ada ya kuunganishwa na ya kila mwezi iende kwa Paybill ya kampuni, na nambari yako ya akaunti. Iangalie mara mbili. Ukikosea tarakimu moja, unaweza kuwa umemlipia jirani usiyemjua mwezi mzima.

*Hifadhi ujumbe na risiti.* Nambari ya muamala na risiti ndiyo ushahidi wako kwa dhamana. Uliza dhamana ni ya muda gani na nani anayeitoa. Na uulize kama kifaa kimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, ambayo hukagua na kuidhinisha vifaa vya mawasiliano vinavyouzwa nchini.

*Ukikosea, tenda mara moja.* Ukituma pesa kwa namba isiyo sahihi, omba irudishwe dakika hiyohiyo kupitia njia rasmi za huduma kwa wateja. Usingoje jioni, kwa sababu pesa ikishatolewa kwenye akaunti ya pili, kurudi kwake hakuna uhakika. Na hakuna mhudumu wa kweli atakayekuuliza PIN yako ili akurudishie pesa.

7. Usiweke laini yako ya pesa kwenye ruta

Hili tunalisisitiza kwa herufi nzito. Watu huchukua laini yao ya kila siku, ile yenye pesa, na kuiingiza kwenye ruta "kwa muda tu." Kuna shida tatu.

Kwanza, ujumbe wa malipo na nambari za siri za mara moja kutoka benki zitaenda kwenye ruta, si kwa simu yako. Pili, ruta nyingi za laini zina ukurasa wa kusoma SMS. Mtu yeyote anayejua nenosiri la kuingia kwenye ruta, na huenda ni lile lililoandikwa chini ya ruta, anaweza kuzisoma. Tatu, hutaweza kupokea ombi la kuthibitisha malipo unapolipia kitu mtandaoni.

Sajili laini nyingine kwa jina lako, iwe ya data pekee. Andika namba yake mahali, maana utaihitaji kila unaponunua bando. Ukiinunulia bando kutoka kwa simu yako, rudia kuisoma namba kabla ya kuthibitisha.

8. Siku ya kwanza, dakika ishirini

Ruta ikishawaka, usikimbilie video. Fanya haya kwanza:

- Fungua kivinjari kwenye laptopu, andika anwani iliyo kwenye kibandiko cha ruta, mara nyingi 192.168.0.1 au 192.168.1.1, kisha uingie.
- Badilisha nenosiri la kuingilia kwenye ruta. Hili ni tofauti na la Wi-Fi. Watu hubadilisha la Wi-Fi na kuliacha hili likiwa "admin".
- Chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3. Kama kuna kifaa cha zamani, chagua ule unaokubali zote mbili. Ukiona WEP, usiiguse, ilishavunjwa zamani.
- Usiipe Wi-Fi jina lako au nambari ya nyumba yako.
- Zima WPS na uwezo wa kuiendesha ruta kutoka nje ya nyumba, kama hauuhitaji.
- Angalia kama kuna sasisho la programu ya ruta na uliweke.
- Fungua Wi-Fi ya wageni. Shemeji akija, mpe hiyo.
- Kama ruta ni ya mtumba, kabla ya yote bonyeza kitufe cha RESET kwa kijiti kwa sekunde kumi hivi, ili mipangilio ya mwenye kwanza ifutike.
- Kama bando lina kikomo, fungua mipangilio ya Wi-Fi kwenye Windows na uwashe "Metered connection". Laptopu itapunguza kushusha masasisho makubwa bila kukuuliza.

Kwa nini tunasumbuka hivi, na sisi ni watu wa malipo? Kwa sababu mtu akiitawala ruta yako, anaweza kukuelekeza kwenye ukurasa wa uongo unaofanana na wa benki, hata ukiwa umeandika anwani sahihi. Kivinjari kikikuonya kwamba ukurasa si salama, usibonyeze "endelea". Funga.

Maswali tunayoulizwa

*Nikilipa nikiwa kwenye Wi-Fi, jirani anaweza kuona PIN yangu?* Ukitumia menyu ya laini au kodi zinazoanza na nyota, malipo hupitia mtandao wa simu, si Wi-Fi. Programu rasmi nazo husimba mawasiliano yake. Hatari kubwa ni ukurasa wa uongo na programu ulizoshusha kutoka kwa viungo usivyovijua.

*Nikigawana Wi-Fi na majirani ili tuchange?* Soma masharti ya kampuni kwanza, kwa sababu baadhi hukataza. Kumbuka pia kwamba akaunti ni yako, na lolote litakalofanywa kupitia hapo litaanza kuulizwa kwako.

*Je, naweza kuishi na hotspoti ya simu tu?* Kama uko peke yako na matumizi ni barua pepe na kazi za kuandika, ndiyo. Ruta inaanza kuwa na maana pale watu wawili wanahitaji intaneti kwa wakati mmoja, au wewe ukitoka na simu, wa nyumbani wanabaki gizani.

Kabla ya kuweka PIN, jiulize:

1. Intaneti inaingia kwa faiba, laini au setilaiti, na ruta hii inalingana nayo?
2. Mwaka mzima utanigharimu ngapi?
3. Ina mawimbi yote mawili, GHz 2.4 na GHz 5?
4. Imefungwa kwa mtandao mmoja?
5. Dhamana na risiti viko?
6. Jina lililotokea kwa simu ndilo ninalolipa?

Ukiweza kujibu yote sita, weka PIN bila wasiwasi. Likibaki moja bila jibu, mpigie muuzaji kwanza. Simu ya dakika mbili ni bei nafuu kuliko ruta isiyofanya kazi.